Mapendeleo ya Bwana Harold

Pasta ameniomba niwaambie mambo mawili matatu nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuwatunza wazee, kabla hamjaharibika migongo. Alisema niwatie moyo. Nikamwambia moyo mnao tayari, mnachokosa ni viatu. Nunueni viatu vinavyoshika sakafu, na soksi nene, na msikubali kumwinua mtu mzito peke yenu kwa sababu mwenzenu amekwenda kuongea na simu. Pia aliniomba niguse kidogo mapambano ya usawa katika historia ya Marekani, kwa kuwa ni Februari, mwezi ambao huku wanaadhimisha historia ya watu weusi, na kanisa limeagiza keki. Basi nitawaambia habari za viatu, keki na usawa, na mkiona nimezichanganya, ni kwa sababu kazini zilinijia zimechanganyika vivyo hivyo.

Najua Kiswahili mnakisikia na mtanijibu kwa Kiingereza. Si neno. Sikilizeni kwanza.

Nianze na mwisho. Katika mwaka wangu wa mwisho nilikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi katika makao fulani ya wazee kule Coon Rapids. Mkenya mwenzetu mmoja alimleta mama yake mzazi akae pale. Mtu wa heshima zake, koti refu la sufu, gari linalojiwasha lenyewe. Siku ya tatu akanivuta kando.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "yule mama mliyempa kumhudumia mama yangu ni Mkongo."

"Ndiyo. Mama Zawadi. Hakuna mkono mwepesi kama wake hapa."

"Sawa, lakini mama hajazoea."

"Hajazoea nini?"

"Unajua tu. Wale watu wana kelele. Na kile Kiswahili chao."

"Kwani mama anaongea Kiswahili?"

"La. Anaongea Kikisii."

"Basi Kiswahili cha Kongo kitamuudhi vipi?"

Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema neno ambalo mimi nalo tunajuana siku nyingi: "Si ubaguzi, dada. Ni mapendeleo tu."

Nikamwambia, kaka yangu, hapa mzee hachagui rangi wala kabila la mkono unaomwosha. Mkono ukiwa mbaya, uwe wa nani, njoo uniambie nami nitauondoa siku hiyohiyo. Lakini ukiwa mzuri, utabaki. Alikwenda zake amenuna. Nyani haoni kundule. Mama yake na Mama Zawadi hawakuelewana lugha hata neno moja na wakapatana vizuri sana, jambo ambalo nimeliona pia katika ndoa kadhaa.

Sasa niwaambie neno hilo nilijuana nalo wapi.

Nilipoanza kazi pale nilikuwa na ujuzi wa cheti na ujinga wa kila kitu kingine. Aliyenifundisha alikuwa Lorraine, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Saint Paul, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni. Alikuwa amefanya kazi ile tangu kabla ya meneja wetu kuzaliwa. Siku ya kwanza alinikuta namwosha bibi mmoja haraka haraka kama namenya viazi.

"Ruth," aliniambia, maana huko waliniita kwa jina langu la ubatizo, "huyo si sahani. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya. Anza na uso, maana uso ndio mtu. Funika sehemu usiyoiosha. Na maji yajaribu kwa kifundo cha mkono wako, si kwa vidole; vidole vyako vimeshakufa kwa baridi ya nje."

Hayo ndiyo mafunzo. Yashikeni, mengine yote mtaonyeshwa na video.

Meneja wetu tumwite Bi Susan. Msije mkamdhania mkali. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nyinyi mmekulia hapa Minnesota, mnawajua watu hawa: hakukatalii kitu, anakushukuru kwa kukiuliza, na unafika kwenye gari ndipo unagundua umekataliwa. Bi Susan alipenda sana neno "sote". Alipachika bango kubwa mlangoni, limeandikwa kwamba hapa sote tuko nyumbani, na picha iliyokuwa katika bango ilikuwa ya kwangu. Walinipiga picha nimemshika mkono bibi kizee wa kizungu, na yule bibi hakuwa mkazi wetu, alikuwa mwigizaji aliyekodishwa. Walitaka bibi anayetabasamu.

Nyuma ya bango mambo yalikuwa hivi. Mkazi akisema hataki kuguswa na mtu mweusi, Bi Susan hakumwambia ndiyo wala hapana. Aliliita jambo hilo mapendeleo ya mkazi, sawasawa na mtu kupendelea chai bila sukari. Kisha asubuhi ukifika unaambiwa: Ruth, usiingie chumba cha yule, wala cha yule, wala cha yule. Sisi wengi tulikuwa Wakenya na Wakongo, na wasaidizi weupe walikuwa wachache, kwa hiyo wote wenye mapendeleo walirundikwa juu ya msichana mmoja anayeitwa Kaitlyn, mtoto wa mkulima kutoka kaskazini, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Sisi tulibaki na wale wasio na mapendeleo, yaani wale waliokuwa wamesahau hata majina yao. Ukiwa umesahau kila kitu, na ubaguzi nao unausahau, na hapo ndipo mimi nilipoonekana nafaa.

Mwenye mapendeleo makubwa kuliko wote alikuwa Bwana Harold. Mkulima mstaafu, mabega kama mlango, magoti yamekwisha. Kila asubuhi Kaitlyn akimsukuma kwa kiti cha magurudumu kupita mlangoni, aliliamkia lile bango. "Habari ya asubuhi," analiambia. Kisha ananipita mimi niliyesimama kando yake kana kwamba mimi ndiye niliyechapwa kwenye karatasi.

Nilimwambia Bi Susan kwamba jambo hili linatuumiza. Akanisikiliza, ameinamisha kichwa. Akasema, "Ruth, napenda sana lafudhi yako. Ingekuwa vizuri uwe unawasomea wakazi hadithi." Lorraine alimwambia mara nyingi kuliko mimi. Naye aliambiwa kwamba mchango wake unathaminiwa.

Siku moja tulikuwa chumba cha kulia, chakula cha mchana. Mimi nilikuwa namlisha bibi mmoja anayeitwa Agnes. Meza ya pili alikuwa Bwana Harold na soseji yake. Kaitlyn alikuwa ameitwa msalani na mkazi mwingine. Nikasikia kimya. Wanangu, mtu akipaliwa na anakohoa, mwacheni akohoe, kaeni karibu tu. Anayekufa ni yule asiyeweza kukohoa wala kusema. Bwana Harold alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili na uso umekuwa rangi ya bilinganya.

Sikufikiria mapendeleo ya mtu. Nilimvuta akaegemea mbele, nikampiga mgongoni, haikutoka. Nikapita nyuma ya kiti, nikamzungushia mikono, ngumi juu ya kitovu, nikavuta ndani na juu kwa nguvu zangu zote. Mara ya tatu kipande cha soseji kiliruka kikatua mbele ya Bi Agnes, ambaye alikitazama akasema, "Hicho si changu."

Bwana Harold alivuta pumzi, akavuta tena. Akageuza shingo. Neno lake la kwanza baada ya kurudi kutoka kaburini lilikuwa, "Nani amenishika?"

Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hana ofisi. Saa tisa niliitwa kwa Bi Susan.

"Kwanza," akasema, "nataka kukushukuru kwa moyo wangu wote. Pili, nataka tuangalie pamoja ni nini ungeweza kufanya tofauti."

"Kama nini?"

"Ungeweza kumwita Kaitlyn."

"Kaitlyn alikuwa msalani amemshika mtu."

"Bwana Harold ana maumivu ya mbavu, Ruth. Amelalamika. Na mapendeleo yake yanajulikana."

"Kwani alipendelea kufa?"

Bi Susan akatabasamu kwa huzuni. "Hatukupata nafasi ya kumuuliza."

Kisha, kwa sauti ileile ya maziwa ya uvuguvugu, akaniambia nikae nyumbani wiki moja bila zamu, kwa ajili ya afya yangu. Na likitokea tena angelazimika kuripoti kwa serikali ya jimbo kwamba nimemgusa mkazi bila ridhaa yake. Msio na uzoefu mjue maana yake. Ripoti kama hiyo ikikubaliwa, hakuna makao ya wazee wala hospitali itakayokugusa tena. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume ambaye shahada yake ya uhasibu ilikuwa bado inasubiri Marekani iitambue. Nilitoka pale. Niliketi ndani ya gari hadi vioo vikaganda.

Mume wangu, Baba Kerubo, alikasirika sana. Alikasirika kama wanaume wetu wanavyokasirika: alimpigia simu mwenyekiti wa chama cha jamii yetu ya Wakenya. Mwenyekiti naye akaitisha mkutano wa dharura Jumamosi mchana nyumbani kwake Lakeville, katika ile nyumba yake yenye chumba cha chini kikubwa kama ukumbi. Nilimwalika Lorraine, nikamwalika na Mama Zawadi, ambaye tangu siku hizo alikuwa msaidizi mwenzangu, kwa sababu mambo hayo yalikuwa yao pia.

Tulipofika wanaume walikuwa wameketi kwenye makochi. Sisi tukaonyeshwa jikoni. Lorraine, mgeni, alipewa aproni yenye maua.

Kutoka jikoni tulisikia kila kitu. Walibishana muda mrefu kama waseme "tunalaani" au "tunashutumu vikali". Wakachagua ujumbe wa kwenda kumwona meneja: mwenyekiti, mhandisi mmoja wa barabara, na bwana mmoja mwenye udaktari wa falsafa. Hakuna kati yao aliyewahi kumfunga mzee nepi. Nikaitwa nitoe ushuhuda kwa kifupi. Nilitoka na unga mikononi, nikaeleza, mwenyekiti akasema, "Asante mama, tumekupata. Chai imefika wapi?"

Lorraine aliniuliza wanasema nini. Nikamfasiria. Akaenda akasimama mlangoni na aproni yake ya maua.

"Samahani, mabwana," akasema. "Kati yenu ni nani aliyekatazwa kumgusa mzee?"

Wote wakamgeukia mwenyekiti.

"Mama, sisi tunawasemea akina mama," mwenyekiti akamwambia kwa heshima.

"Wanaumwa koo?"

Lorraine akaendelea, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Alisema alipokuwa msichana walipigania watu weusi waajiriwe katika maduka ya mjini. Wanawake walipika, walipiga chapa, walipiga simu, walitembea mlango hadi mlango katika theluji. Wanaume walishika maikrofoni. Baadaye akasikia wanawake wa kizungu wanapigania haki za wanawake, akaenda kwenye mkutano wao, wakampokea kwa furaha, wakamwomba awaangalizie watoto chumba cha pili. "Kwa weusi nilikuwa mwanamke, kwa wanawake nilikuwa mweusi," akasema. "Mahali pekee nilipokuwa Lorraine palikuwa ndani ya basi, nikirudi nyumbani. Sasa nimekuja kwenu, na nimepewa aproni."

Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

Mama Zawadi ndiye aliyemfuata. "Bon," akasema, akijipangusa mikono, "mimi nilikimbiaka vita na watoto mgongoni. Sasa niogope bibi wa ofisi, na niogope tena wababa wa chai?" Mmoja mmoja tukatoka, hata mke wa mwenyekiti. Tulikwenda tukaketi gerejini, kwenye viti vya kukunja, kati ya mashine ya kuondolea theluji na baiskeli za watoto, na mkutano wa kweli ukafanyika huko. Unga ulibaki mezani. Baba Kerubo, Mungu ambariki, aliinuka akajaribu kusukuma chapati. Hakuna iliyokuwa mviringo. Moja ilifanana na ramani ya jimbo hili, pamoja na ile pembe ya juu. Wakazila hivyohivyo.

Gerejini Lorraine alituambia kwamba Bi Susan amemwomba azungumze katika sherehe ya Februari, dakika chache, mbele ya familia za wakazi na wakubwa wa makao. Mada aliyopewa ilikuwa: Tumetoka Mbali.

"Nitazungumza," akasema. "Lakini kuna mahali nitawaomba msimame. Atakayesimama anaweza kupoteza kazi. Siwezi kuwaficha hilo. Asiyeweza kusimama abaki ameketi, na mimi nitamwamkia kesho yake kama kawaida."

Hatukuahidi. Nawaambia kweli, hatukuahidi. Kila mmoja alikuwa anawafikiria watoto wake.

Siku ya sherehe ilikuwa Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Wiki yangu ya afya ilikuwa imekwisha. Chumba cha kulia kilipambwa kwa maputo meusi, mekundu na ya kijani. Keki ilikuwa kubwa, na juu yake mikono miwili imeshikana, mmoja wa chokoleti na mmoja wa vanila. Familia zilikuja. Wakubwa wawili wa makao walikuja na tai. Sisi wasaidizi tulipangwa nyuma, katika viti vya ukutani, tupate kuonekana. Bi Susan alisema "sote" mara nyingi, akampa Lorraine maikrofoni, mwenyewe akabaki kando ya keki ameshika kisu.

Lorraine alivaa miwani yake.

"Nimeombwa niseme tumetoka wapi," akaanza. "Mama yangu alifua mashuka ya hoteli moja katikati ya Saint Paul. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele haukuwa na kibao cha kumkataza. Hapa kaskazini hatukupenda kuandika vibao. Alijua tu. Wageni hawakutaka kumwona, lakini mashuka aliyoyashika waliyalalia bila wasiwasi. Nyumba yetu na mtaa wetu vilibomolewa kupisha barabara kuu. Wengi wenu mmepita juu ya sebule yetu leo mkija hapa. Natumaini hapakuwa na msongamano."

Watu walicheka kidogo, wakaacha.

"Nimeombwa pia niseme tumefika wapi. Hilo siwezi kulisema peke yangu. Nawaomba wasaidizi ambao katika nyumba hii wamekatazwa kuwagusa baadhi ya wakazi kwa sababu ya rangi ya ngozi yao, wasimame."

Nilibaki nimeketi. Nilimfikiria Kerubo na wadogo zake. Nilifikiria ile ripoti. Nikamtazama Lorraine, na yeye hakunitazama, alikuwa anautazama ukuta ili asimlazimishe mtu. Nadhani hilo ndilo lililoniinua. Nilisimama. Kiti kilikwaruza sakafu, kila mtu akageuka. Nilikuwa peke yangu kwa muda ambao mpaka leo nikiukumbuka nasikia joto masikioni. Kisha Mama Zawadi akasimama, akanishika kiwiko. Kisha nyuma yetu vikaanza kukwaruza viti vingine, mpaka ukuta wote ukawa umesimama.

Na mwishowe, Kaitlyn akasimama.

"Kaitlyn, mpenzi," Bi Susan akasema taratibu, "hapana, wewe si mmoja wao."

"Mimi ndiye ninayepewa wote wanaowakataa hawa," Kaitlyn akasema. Uso ulikuwa mwekundu kama maputo. "Mgongo wangu umekwisha, nina umri wa kucheza mpira. Na wanangoja. Wanangoja kwenye nepi zao kwa sababu niko mmoja. Sitaki tena kuchaguliwa kwa rangi yangu."

Mama mmoja wa makamo akanyanyua mkono, kama yuko darasani. Alikuwa binti yake Bwana Harold, aliyeketi kando ya baba yake. "Ni nani aliyeamua mambo haya?"

"Hayakuamuliwa," Bi Susan akasema. "Ni mapendeleo ya wakazi. Kwa mfano baba yako mwenyewe…"

"Baba yangu hupendelea pia kuvuta sigara kitandani," yule binti akasema. "Mlimkatalia hilo siku ya kwanza."

Hapo ndipo Lorraine alipomwelekezea maikrofoni. "Kuna mtu amekuambia kuhusu soseji?" akamuuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Lorraine akamweleza kwa maneno machache, akanionyesha mimi kwa mkono. Binti yule akamgeukia baba yake. Bwana Harold alikuwa anaangalia keki. "Aliniumiza mbavu," akasema.

Bi Susan akakata keki. Sijui angefanya nini kingine, kisu kilikuwa mkononi. Kwa bahati mbaya alianza pale katikati, mikono iliposhikana.

Keki ilipokuwa inaliwa, mlango ukafunguka ukaingia ujumbe wetu kutoka Lakeville: mwenyekiti, mhandisi wa barabara, na yule daktari wa falsafa, suti tatu na theluji mabegani. Walikuwa wamekosea njia. Waliomba kumwona meneja, na Bi Susan, ambaye wakati huo angemkumbatia mtu yeyote asiyekuwa sisi, alikubali kupiga nao picha. Jioni ile picha ilizunguka katika grupu la jamii, na chini yake imeandikwa: Viongozi wetu wafanikisha mazungumzo. Mke wa mwenyekiti aliijibu kwa kidole gumba kimoja, kimeelekezwa chini. Ndiye aliyenionyesha.

Baada ya siku chache wale wakubwa wenye tai walituita. Walisema mkazi anaweza kupendelea chai, nguo, saa ya kuamka, mwanamke kumwosha badala ya mwanamume, lakini rangi ya ngozi hapana, na familia isiyokubali itasaidiwa kutafuta makao mengine. Familia moja iliondoka. Wale wakubwa walipotoka Bi Susan akabaki nasi, macho yake yana maji kweli.

"Kwa nini hamkuniambia mapema?" akauliza.

"Tulikuambia," Lorraine akasema. "Ulisifu lafudhi ya Ruth."

Nikiri kwamba sikufurahi kama mnavyodhani. Njiani nilimwambia Lorraine: miaka yote tulisema sisi, ikawa kelele za upepo. Wakasema wanawake wawili weupe, mmoja ana mgongo na mwingine ana baba, ikawa habari. Lorraine alikuwa anaendesha taratibu, barabara ilikuwa na ile barafu nyeusi isiyoonekana. Mkiendesha juu yake msikanyage breki, ondoeni mguu tu kwenye mafuta na mshike usukani.

"Wale wawili hawakusimama wa kwanza," akasema. "Wewe ulisimama wa kwanza. Pokea ushindi. Hasira iweke mfukoni, usiitupe, bado utaihitaji."

Aliitwa akapewa uenyekiti wa Kamati ya Kujumuishana, kazi yenye cheo kirefu na isiyo na mshahara. Akauliza ni nani anayepanga zamu. Wakamwambia ni msimamizi. Akasema basi anataka hiyo. Alikuwa ameiomba mara nyingi na kila mara ikaenda kwa mwanamume aliyefika juzi, mwenye sauti nzito. Safari hii walimpa, maana familia zilikuwa zimelijua jina lake. Aliifanya mpaka alipostaafu, kisha akaiacha mikononi mwangu. Na mwanzoni kabisa, siku aliyokaa katika kile kiti, jina la kwanza aliloliandika kwenye zamu ya chumba cha Bwana Harold lilikuwa langu.

Nilimuuliza kama ananiadhibu.

"Namwadhibu yeye," akasema. "Lakini mwoshe vizuri."

Niliingia chumbani mwake asubuhi. Alikuwa ameamka, anatazama dari. Nilimwambia jina langu, nikamwambia nitaanza na uso. Niliyajaribu maji kwa kifundo cha mkono, nikakamua kitambaa, nikampangusa paji la uso, macho, nyuma ya masikio ambako wakulima wote hubaki na rangi ya jua hadi kufa. Alikaza taya. Mimi pia nilikuwa nimekaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, na ndani yangu kulikuwa na kona ndogo iliyojiandaa kuombwa msamaha. Sikupata hata kimoja.

"Maji ya baridi," akasema.

Nikayabadilisha.

"Sasa ya moto mno."

Nikaongeza baridi. Nikamvalisha soksi, akasema zimepinda, nikazinyoosha. Akasema shati si hilo. Akasema kahawa ya humu ni maji ya mtoni. Akasema magodoro ya siku hizi hayana maana, magavana hawana maana, na yule kijana anayeleta magazeti hana maana. Baadaye nilimuuliza Kaitlyn tulipokutana kwenye korido, na akaniambia kila siku ya Mungu alikuwa akisikia maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo, hadi magavana.

Basi, wanangu, wengine waliotangulia walipata kura, wengine walipata viti vya mbele katika basi. Mimi nilipata kulalamikiwa na Bwana Harold sawasawa na mtu mwingine yeyote.

"Inua mkono," nikamwambia, "nikuoshe kwapa."

Akaunyanyua.